Mama akipigwa, mtoto aondolewe?

Wazazi wanaopigana hujifariji kwa maneno mamoja: "Mtoto alikuwa amelala." Mara nyingi hakuwa amelala. Mtoto anayeishi na ukatili anaujua mlio wa ufunguo mlangoni, anajua hatua za leo ni za amani au za shari, anajua hata kikombe kikibamizwa mezani kinatangulia nini. Mwili wake hukaa tayari siku zote, hata usiku ambao hakuna aliyeguswa.

Shuleni hali hiyo husomwa vibaya. Mtoto wa miaka minane anayegeuka kila mlango ukigonga huitwa msumbufu, huku yule anayenyamaza na kutii kila kitu akisifiwa adabu. Huyu wa pili ndiye huchelewa zaidi kusaidiwa. Wadogo zaidi hurudi nyuma: aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, aliyekuwa akilala peke yake hataki kuachwa hata dakika, na mchezo wake kila siku ni uleule wa kupigana.

Sasa afanywe nini? Wapo wanaosema kuona kipigo ni kuumizwa, kwa hiyo mtoto atolewe humo. Wana pa kusimamia. Utafiti wa daktari Felitti na wenzake uliotolewa Marekani mwaka 1998 ulihesabu kupigwa kwa mama miongoni mwa aina saba za madhila ya utotoni. Waliopitia aina nne au zaidi walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua kuliko ambao hawakupitia hata moja. Sheria ya mwaka 2021 ya England na Wales nayo inamtambua mtoto anayeona au kusikia ukatili huo kuwa mwathirika mwenyewe, si shahidi tu.

Lakini takwimu zile zilitokana na kumbukumbu za watu wazima na zinaeleza kundi. Hazimtabirii mtoto huyu mmoja. Kisiwani Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner aliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955. Takriban theluthi moja ya waliokulia katika hatari kubwa walitengemaa ukubwani, na kilichojirudia katika maisha yao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kumtegemea. Katika nyumba ya vipigo, mtu huyo mara nyingi ni yuleyule mama anayepigwa. Ukimwondoa mtoto kwake, umeondoa jeraha na dawa yake kwa pamoja. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ya New York iliamua kwamba mtoto kushuhudia mama akipigwa hakutoshi, peke yake, kumhukumu mama kuwa amemtelekeza. Naona iliamua sawa.

Hata hivyo hoja ya mama isigeuzwe kisingizio cha kungoja. Anayempiga mama mara nyingi humpiga na mtoto. Mama akikabwa koo, akitishiwa kuuawa, au silaha ikishatolewa, hapo si pa kusuluhisha ndoa. Swali la kwanza liwe mpigaji atatolewaje. La pili, mama na mtoto wataondokaje pamoja. Kumtenga mtoto peke yake kuwe la mwisho. Na kuondoka kupangwe kimyakimya, maana hatari hupanda mwanamke anapojaribu kuachana na mpigaji. Mtoto afundishwe kukimbilia kwa nani na kupiga simu ipi, kamwe asifundishwe kuamulia. Njia ya kutorokea isipitie jikoni kwenye visu.

Anayemhoji mtoto aseme, "Niambie ilikuwaje," si "Baba alikupiga, sivyo?" Swali la pili linamtia jibu mdomoni, na baadaye ushahidi unatiliwa shaka. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka. Tiba ya mazungumzo kwa watoto wenye kiwewe, inayomhusisha na mlezi asiye mkatili, kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 16, ila haifui dafu ikiwa kila jioni mtoto anarudi kwenye vitisho vilevile.

Wengi hulegea baada ya wazazi kutengana, wakati mtoto bado anapelekwa kumwona mpigaji. Akirudi akakojoa kitandani usiku huo, hiyo pekee haithibitishi kwamba amepigwa. Iandikwe tarehe, na ya safari inayofuata. Mtiririko ukijitokeza, apelekewe anayepanga ziara hizo, naye aamue kama ziendelee chini ya msimamizi au zisimame.