Tenera haikupandikizwa jeni
Kuna makala inayodai kwamba michikichi ya tenera (aina yenye kifuu chembamba) inayogawiwa Kigoma ilipandikizwa jeni maabarani. Si kweli. Kifuu chake chembamba kinatokana na badiliko la asili katika jeni ya SHELL, iliyotambuliwa mwaka 2013, ndugu wa jeni inayoongoza ukuaji wa ovuli (sehemu ya ua inayokuwa mbegu) kwenye mimea mingine. Mchikichi wenye nakala mbili zilizobadilika ni pisifera: tunda halina kifuu, na mara nyingi mikungu huoza kabla ya kuiva. Chavua yake ikipelekwa kwenye maua ya dura, aina yenye kifuu kinene, inazaliwa tenera, yenye nakala moja iliyobadilika na mafuta mengi zaidi kuliko dura. Wakulima wenzangu, tusiokote mbegu chini ya tenera! Tenera kwa tenera, robo ya miche ni pisifera tupu. Huko kwenu mnapata wapi miche ya uhakika?