Daraja Lililotoweka Kwenye Filamu

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika kwenye mtihani kwamba Waskoti walishinda vita vya Stirling "kwa sababu walikuwa na uchungu na nchi yao." Nilimkata alama zote, kisha nikajuta. Jibu lile nilimfundisha mimi. Wiki iliyotangulia niliwawekea darasa zima Braveheart, filamu ya 1995 inayoonyesha vita hivyo, nikakaa nyuma nasahihisha madaftari.

Tarehe 11 Septemba 1297, jeshi la Waingereza lilitakiwa kuvuka mto Forth juu ya daraja jembamba la mbao, wapanda farasi wawili wawili. William Wallace na Andrew Moray, viongozi wa Waskoti, waliwaacha wavuke kiasi, kisha wakateremka ghafla wakaziba mdomo wa daraja. Waliovuka hawakuwa na pa kurudi. Waliobaki ng'ambo waliishia kuwatazama wenzao wakiuawa. Ushindi wote umo humo. Kwenye filamu daraja halipo kabisa. Kuna uwanja mpana, hotuba, mikuki mirefu, na majeshi mawili yanavaana.

Wengi wakiikosoa filamu hiyo hukimbilia mavazi, zile sketi za mirabaraba zilizokuja karne kama tatu baadaye. Mimi kwa hilo sina ugomvi mkubwa. Sketi unaisahihisha kwa sentensi moja. Ukiondoa daraja umeondoa sababu. Mtoto anabaki akiamini kwamba mwenye uchungu zaidi ndiye hushinda. Akifika kwenye habari za watu waliopigwa na kutawaliwa, atasemaje? Kwamba wao hawakuwa na uchungu wa kutosha? Huo ni ukatili, na tunamfundisha bila kujua.

The Woman King ya 2022 iliniuma zaidi, kwa kuwa niliipenda. Askari wanawake wa Dahomey, ufalme wa zamani wa Afrika Magharibi, walikuwepo kweli, na ni haki yao kuonekana. Lakini filamu, ambayo imewekwa mwaka 1823, inamwonyesha mfalme Ghezo akishawishiwa na jemadari wake aachane na biashara ya utumwa. Ghezo wa kweli aliendelea kuuza watu kwa miongo kadhaa, na alipotia saini mkataba wa kuikomesha mwaka 1852, manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga pwani yake. Filamu imeweka dhamiri mahali pa manowari. Mwanafunzi atajuaje jinsi biashara ile ilivyobanwa?

Sisemi filamu zitolewe darasani. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Andrew Butler na wenzake walichapisha utafiti ambamo wanafunzi walisoma maelezo sahihi na pia kutazama vipande vya filamu. Filamu ilipokubaliana na maandishi, walikumbuka zaidi. Ilipopingana nayo, wengi walijibu kwa kufuata filamu, ingawa ukweli walikuwa wameusoma. Kuwaambia kwa jumla kwamba filamu huwa na makosa hakukusaidia. Kilichosaidia ni kutajiwa kosa lenyewe: hapa wamebadilisha hiki, ukweli ni huu.

Utafiti huo ulinibadilisha. Siku hizi sionyeshi filamu nzima. Tunasoma kwanza, nachora mto na daraja ubaoni, wanafunzi wanahesabu wenyewe itachukua muda gani jeshi zima kuvuka wawili wawili. Ndipo nawasha dakika kumi tu, na sikai nyuma tena.

Mara ya mwisho sikuhitaji hata kuisimamisha picha. Binti mmoja alinyoosha mkono katikati ya hotuba ya Wallace: "Mwalimu, mto uko wapi?" Nikazima, nikawauliza kwa nini mwongozaji aliuondoa. Mmoja akasema kujenga daraja ni gharama. Mwingine akakataa: juu ya daraja jembamba hakuna nafasi ya mtu mmoja kwenda na farasi huku na huko akihutubia, na filamu ilimtaka mtu huyo. Kengele ikagonga, wakatoka wakiwa bado wanabishana.