Kiingilio Kilishalipwa

Nimetoka zamu ya usiku na saa hizi nilipaswa kuwa nimelala. Lakini kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa huku kaskazini-magharibi ya Uingereza kuna dada kauliza swali jepesi kabisa: ana watoto watatu, likizo ya katikati ya muhula imefika, awapeleke wapi Liverpool? Nikasoma majibu, usingizi ukaruka.

Mmoja kamwambia ziara ya Anfield. Mwingine makumbusho ya Beatles. Mwingine ukumbi wa watoto kurukaruka, ule ambao ukishalipa mlangoni wanakuambia soksi ulizovaa hazifai, nunua za kwao. Halafu akatokea kaka mmoja na ushauri wa kiutu uzima: bila pauni mia mbili usitoke nyumbani, waache wacheze na tableti zao. Akapigiwa dole gumba na watu wazima wenye akili zao.

Jamani, tunaishi mji gani?

Shukeni stesheni ya Lime Street, vukeni barabara, piteni kando ya St George's Hall. Mtaa unaofuata unaitwa William Brown Street, na makumbusho ya World Museum yako hapo hapo. Kuna samaki hai, kuna mumia za Misri, kuna dinosaria, kuna chumba kizima cha wadudu. Hakuna anayekuuliza tiketi wala makaratasi. Kuna sanduku la mchango, na ukilipita bila kutia kitu hakuna atakayekukimbiza. Planetaria, ule ukumbi wa kutazamia nyota, ndiyo inatoza hela, irukeni.

Mwanangu wa pili tulimbandua kwa nguvu kwenye kioo cha chungu wakata majani, aina ya sisimizi. Kila chungu kabeba kipande cha jani kikubwa kuliko mwili wake, mstari mmoja unakwenda, mwingine unarudi, hakuna anayesimama kupumzika. Mtoto kabandika pua kwenye kioo mpaka kikafanya ukungu, kisha akanigeukia: "Baba, na hawa wana zamu?" Nikamwambia wanazo, tena hawalipwi ovataimu. Mama yake akanikata jicho. Gharama yote ya siku ile ilikuwa nauli ya basi na chapati tulizofungasha nyumbani.

Sasa ninachokisikia kila nikisema haya ni kwamba cha bure hakina maana, na kwamba makumbusho ni mambo ya Wazungu. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira.

Huyo William Brown mnamjua? Alikuwa mfanyabiashara aliyetajirika kwa pamba. Yeye ndiye aliyetoa fedha za kujenga maktaba na makumbusho, jengo likafunguliwa mwaka 1860, na mtaa ukapewa jina lake. Pamba iliyokuwa ikishushwa kwenye gati za Liverpool miaka hiyo ilitoka kwa wingi kusini mwa Marekani, kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa. Waliopalilia, waliochuma, waliofunga marobota walikuwa watu wenye ngozi kama yangu na nywele kama za wanangu, na ujira wao ulikuwa mjeledi. Kabla ya hapo mji huu ulikuwa umekwishanona kwa kuwasafirisha watu wenyewe: mpaka Uingereza ilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, meli za Liverpool zilikuwa zimevusha Atlantiki Waafrika karibu milioni moja na nusu. Kwa hiyo, kaka yangu wa pauni mia mbili, kiingilio cha mlango ule kilishalipwa. Kililipwa miaka mingi kabla wewe hujaijua hata fomu ya viza. Leo unafika mlangoni, mlango uko wazi, halafu unasema humo si mahali pako?

Najua atatokea mjuaji wa kunikumbusha kwamba waliobebwa na meli za Liverpool hawakutoka Tabora, na kwamba wa kwetu walipitia Bagamoyo na Zanzibar kwenda kwingine. Sawa, mwalimu. Lakini wanaotutukana kwenye basi hawatuulizi kwanza kama sisi ni wa Lagos au wa Urambo.

Na si makumbusho tu. Wapelekeni watoto Water Street, penye jengo la zamani la Martins Bank, lililokamilika mwaka 1932. Pale mlangoni wamechongwa watoto wawili wa Kiafrika wamebeba mifuko ya fedha. Wako pale mchana kweupe, watu wanapita na kahawa zao. Nendeni hatua chache mpaka Town Hall, nyanyueni macho kwenye ukanda wa nakshi unaozunguka jengo: vichwa vya Waafrika, tembo, mamba. Mji ulijichongea wenyewe hesabu zake za biashara ukutani. Binti yangu mkubwa aliutazama ule ukuta muda mrefu, hakusema kitu, kisha akaomba simu yangu apige picha. Shuleni wamemfundisha mafarao na Wavikingi, wake wote wa mfalme Henry VIII anawajua kwa majina. Hili la ukutani kalionea barabarani, na baba yake aliyevaa sare za kazi.

Kinachoniuma ni kwamba Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa, pale Royal Albert Dock, yamefungwa kwa ukarabati mkubwa tangu mwanzoni mwa 2025. Yalifunguliwa tarehe 23 Agosti 2007, miaka 200 baada ya ile sheria ya 1807, na miaka yote hiyo hayakutoza hata peni. Ni wangapi kwenye kundi letu waliyaingia? Nimeuliza. Nimepata emoji za kucheka.

Haya, Anfield. Mnaweza kudhani ni wivu, maana mimi ni wa Everton, ugonjwa nilioupata pale Taifa, Dar es Salaam, Julai 2017, walipokuja kucheza na Gor Mahia na Rooney akafunga goli la mbali. Kama una mtoto anayelala na jezi nyekundu, mpeleke Anfield, mara moja, apige picha zake, mmalize. Sikatazi. Ninachokataa ni mgeni kutoka nyumbani kuja Liverpool, kuona nyasi na duka la jezi, kisha kurudi Dar kusema mji wenyewe mdogo, hauna kitu.

Huyo mgeni mpeleke Crosby. Ni treni ya njia ya Southport, unashuka Blundellsands & Crosby, unatembea mpaka baharini. Ufukweni wamesimama watu 100 wa chuma, wametawanyika kilomita kama tatu, wote wameelekea baharini. Ni mwili wa msanii Antony Gormley mwenyewe uliotolewa kalibu. Waliwekwa mwaka 2005 kwa muda tu, watu wakawapenda, ikaamuliwa wabaki. Ukimsogelea mmoja unaona kutu imemla, na miguuni wamegandia viumbe wa baharini wenye magamba makali, ukipapasa unakwaruzika. Maji yakijaa yanawafika shingoni, wale wa mbali wanazama kabisa. Yakipwa wanatokea tena na mwani mabegani. Kuna siku nilimkuta mmoja kavalishwa skafu ya Everton, nikampa mkono.

Tahadhari moja ya kweli: msiwafuate wale wa mbali. Kule tope linameza mguu, na maji yakianza kurudi yanarudi kwa kasi. Sisi tuliokulia Pwani tunajua kuheshimu maji kujaa, lakini upepo wa Crosby unamfanya mtu asahau alichofunzwa. Na vaeni makoti, hata kama ni Julai.

Kuna jambo halikusemwa kwenye kundi, ila naamini lipo kwenye vichwa vya wengi: woga. Agosti 2024, baada ya wale watoto kuuawa kwa kisu Southport, ghasia za kuwapinga wahamiaji zilipozuka, hapa kwetu walichoma maktaba ya Spellow Lane kule Walton. Maktaba! Wengine wetu tulikwenda kazini tumeinamisha vichwa wiki ile, na watoto hawakutoka nje. Sitamcheka mtu kwa hilo. Lakini asubuhi yake majirani walitoka na mifagio, michango ikamiminika, na Desemba mwaka huo huo maktaba ikafunguliwa tena. Mimi niliwapeleka wangu makusudi, wakachukua vitabu, tukarudi nyumbani. Mtoto akijifungia ndani anajifunza kwamba nje si kwake, na hilo siko tayari kumfundisha.

Mengine kwa haraka. Central Library, jirani na makumbusho, ina chumba cha kusomea cha duara cha mwaka 1879, baraza juu ya paa, joto na vyoo safi; mwenye watoto wadogo anajua thamani ya hicho cha mwisho. Makanisa makuu yote mawili ya Hope Street unaingia bure, na la Kianglikana lilichorwa na Mkatoliki, la Kikatoliki likachorwa na asiye Mkatoliki, sijui walibishania nini kwenye vikao. Formby kuna kindi wekundu, ila nendeni kwa treni, maegesho wanatoza. Feri ya Mersey ni nzuri lakini ina bei ya watalii.

Na kwa wale mnaojibana mwaka mzima mkapige picha Central Park, New York: mmoja wa waliouchora, Olmsted, alikuja kwanza huku mwaka 1850 kuitazama Birkenhead Park, iliyofunguliwa 1847 kwa fedha za umma, akarudi kwao na mawazo kichwani. Ni vituo vitatu tu kutoka stesheni ya James Street, treni inapita chini ya mto, na hakuna anayekuomba pasipoti.