Kikombe Kilipita, Mugariga Ungalipo

Tangu foleni ya Samunge itawanyike, anayetaja mugariga, mti wa dawa, hapa Arusha huchekwa kwanza ndipo asikilizwe. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi ya mti huo kwa shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, na yaliyofuata yanajulikana: wapo waliofia kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya VVU wakiamini wamepona. Madaktari walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini hukumu iliyostahili madai ya kikombe imeuangukia mti wenyewe.

Mugariga, ambao Wamasai huuita olamuriaki, ulichemshwa kwenye supu muda mrefu kabla ya Samunge kuvuma. Mwaka 2006 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba maji ya mizizi yake yalizuia virusi vya hepesi maabarani, na yakawasaidia panya walioambukizwa. Miaka miwili kabla ya hapo, watafiti wa Ethiopia walikuwa wameonyesha kwamba mmea huo huo huwaongezea panya mkojo.

Kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa ni mbali, nakiri. Hata hivyo, hilo la mkojo halijatafakariwa inavyostahili. Mtu mwenye shinikizo la damu na miguu iliyovimba, akinywa kitu kinachotoa maji mwilini, huenda akaamka kesho yake akijisikia mwepesi na viatu vinamwingia. Huyo hakudanganywa wala hakupona, bali amepata nafuu ya aina ile ile inayotolewa na vidonge vya kukojoza. Sishangai ikiwa baadhi ya shuhuda za mwaka ule zilianzia hapo. Hatari nayo iko hapo hapo, kwa kuwa anayemeza vidonge hivyo na kuongeza mizizi juu yake anaweza kupoteza maji na chumvi kupita kiasi, na daktari asijue, maana mgonjwa anaogopa kuchekwa akisema. Kwa hiyo kejeli zetu hazimlindi. Zinamziba mdomo tu.

Hoja ya wapinzani inayonisumbua zaidi haihusu imani, inahusu utambuzi. Olmorijoi, mti wa sumu ya mishale unaodhuru moyo, ni wa familia moja na mugariga, nao una maua meupe yanayonukia na matunda ya zambarau iliyokolea. Tofauti iliyo rahisi kuonekana ni miiba: mugariga unayo, olmorijoi hauna. Mizizi inayouzwa kwa mafungu sokoni Kilombero haiji na mwiba hata mmoja.

Nilimwuliza yeyo mmoja, mama wa Kimasai anayeiuza, kama anaweza kuniletea na tawi lake. Alinitazama kama mtu aliyeombwa risiti ya maji ya mvua. Jumamosi iliyofuata alikuwa nalo, limefungwa kwenye gazeti, na miiba imetoboa karatasi.