Madoa ya kahawia si uchafu: tufundishe meno kwa maji ya Goma

Muulize mwanafunzi wa uuguzi hapa Goma mtu mzima ana meno mangapi, atakujibu 32 kabla hujamaliza swali. Ya utotoni ni 20, ataongeza, na atakutajia chonge na magego yote bila kukwama. Kisha mletee mtoto wa miaka 8 kutoka vijiji vya chini ya volkano ya Nyiragongo, mwenye madoa meupe na ya kahawia kwenye meno ya mbele. Wengi watamgeukia mama yake: "Mama, huyu hapigi mswaki."

Lawama siwapi wanafunzi. Sisi tunaofundisha tunachora jino ubaoni, tunaweka mishale mitatu (enameli ya nje, dentini ya katikati, palpu ya ndani), tunafuta, tunahamia tumboni. Jino linaonekana kana kwamba lilizaliwa limekamilika. Hatusemi lilitengenezwa lini, na hapo ndipo penye somo lenyewe.

Enameli, lile ganda la nje, ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Huundwa na seli ziitwazo ameloblasti wakati jino lingali limejificha ndani ya taya. Jino likichomoza, seli hizo zimekwisha kutoweka. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichanika hufunga, lakini enameli iliyoumbwa vibaya haina wa kuiumba upya. Na kazi hiyo huanza mapema kuliko tunavyodhani. Gego la kwanza la kudumu, ambalo hutoka kwenye miaka 6, huanza kuwekewa enameli karibu na siku ya kuzaliwa. (Gego hilo hutokea nyuma ya meno ya utotoni bila kung'oa lolote, ndiyo maana wazazi wengi huliacha lioze wakidhani litang'oka.) Meno ya mbele huanza miezi michache baadaye, na sehemu yake inayoonekana hukamilika kwenye miaka 4 au 5. Kwa hiyo madoa ya mtoto wa miaka 8 yanatueleza alikunywa nini alipokuwa akitambaa.

Hapo volkano inaingia darasani. Moshi wa Nyiragongo una gesi zenye flori. Mvua huzikamata na kushuka nazo juu ya mabati, na mtaro wa paa hujaza pipa la nyumbani. Ardhi ya lava, yaani mawe ya volkano, haishiki maji, mito ni haba, basi watu hukinga mvua. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi (flori ikiwa ndani ya maji) kwa lita, na vyanzo kadhaa vya maji vya ukanda wa volkano za Virunga vimepimwa vikapita hapo. Floridi ikizidi katika miaka ile ya kuumbwa, enameli hubaki na vitundu vidogo na weupe wa chokaa. Rangi ya kahawia huja baadaye, jino likiwa tayari limetoka. Hii ndiyo florosisi.

Ukishajua saa ya kuumbwa, kutambua hakuna uchawi. Florosisi hushika meno ya kulia na ya kushoto kwa pamoja, kwa kuwa yaliumbwa wakati mmoja. Doa kwenye jino moja tu? Uliza kama mtoto aliwahi kuanguka, au kama jino la utotoni lililokuwa juu yake liliota usaha. Kuoza ni jambo jingine: bakteria hula sukari, hutoa asidi, na pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ikishuka chini ya takriban 5.5 madini huanza kuyeyuka, hasa kwenye mifereji ya magego na katikati ya meno.

Kinachonikera zaidi ni ushauri. Mama anaambiwa asugue kwa mkaa au mchanga, naye anasugua mpaka anaimaliza hata enameli iliyokuwepo. Au anaambiwa achemshe maji. Achemshe, ndiyo, kipindupindu tunakijua sote. Lakini floridi haiendi na mvuke, maji hupungua nayo ikabaki sufuriani. Wengine, wakishasikia haya, wanakataza dawa ya meno yenye floridi, nalo ni kosa: kiasi kidogo juu ya jino hulisaidia kuvuta madini na kupambana na asidi. Mtoto apakiwe kidogo kama punje ya njegere, ateme, asimeze.

Mtihani wa mwaka huu ningeweka swali moja. Ndugu wawili, mama mmoja: mkubwa alilelewa Lubumbashi, mbali na volkano, hadi miaka 9 ndipo akaja huku, mdogo alizaliwa huku na anakunywa maji ya mvua. Yupi atakuwa na madoa, kwenye meno yapi, na mama yao atahitaji kubadilisha nini kwa mtoto wa tatu aliye tumboni?