Prosesa ya zamani: upandishe kasi au ushushe volti?

Wanaopandisha kasi ya prosesa kwenye laptopu kuukuu ya gemu wana hoja. Prosesa za Intel zenye herufi HK, kama i7-7820HK, zilitoka kiwandani kizidishi chake (namba inayozidisha kasi ya msingi) kikiwa wazi kubadilishwa, na gemu zinazoelemea kiini kimoja (kitengo kimoja cha hesabu ndani ya prosesa) hunufaika kweli. Mwenye prosesa ya herufi HQ, mara nyingi, kizidishi chake kimefungwa.

Ila piga hesabu. Kutoka GHz 3.9 hadi 4.2 ni nyongeza ya asilimia 8 hivi. Kasi hiyo haisimami bila volti. Tuseme zipande kutoka 1.15 hadi 1.25. Umeme unaoliwa hufuata kasi mara volti kipeo cha pili, kwa hiyo asilimia 8 hiyo inalipiwa kwa umeme zaidi wa asilimia 27, nao wote unageuka joto. Asilimia 27! Ndani ya kasha jembamba, pesti ya kupitishia joto imekauka na mapezi ya kupoozea yamezibwa na vumbi, prosesa inagonga nyuzi 100 na kujipunguza yenyewe. Kama inatumia mabomba yaleyale ya shaba ya kupoozea na kadi ya michoro, kadi hiyo nayo inaungua pamoja nayo.

Anayeshusha volti huitwa mwoga, lakini hesabu ileile inambeba: ondoa milivolti 100 kwenye 1.15 na umeme unapungua kama asilimia 17, kasi ikibaki palepale. Safisha feni, badili pesti, kisha fungua dirisha la FIVR, la kurekebisha volti, kwenye programu ya ThrottleStop. Anza na milivolti -50 kwa kiini na kashe (kumbukumbu ya haraka ya prosesa) pamoja, ushushe 10 zaidi kila hatua, ukichagua kutohifadhi volti mpaka ujaribu gemu nzito kwa nusu saa. Wengi hushusha kiini peke yake, kisha wanashangaa hakuna kilichobadilika: tangu kizazi cha prosesa za Intel kiitwacho Skylake, viwili hivyo hulishwa na njia moja ya umeme. Skrini ikiganda, au makosa ya WHEA (ripoti za hitilafu za vifaa) yakijitokeza kwenye kumbukumbu za Windows, rudi nyuma 20.

Kikwazo kipo. Baada ya Plundervolt, udhaifu wa kiusalama unaotumia kushusha volti za prosesa za Intel, kutangazwa Desemba 2019, masasisho mengi ya BIOS (programu ya msingi ya laptopu) yalifunga urekebishaji wa volti. Hapo unabaki na pesti na kupunguza kizidishi.

Volti zikikubali kushuka na joto likabaki chini ya nyuzi 85 baada ya nusu saa, mwenye HK aongeze kizidishi hatua moja, yaani megahezi 100, apime upya.