Hema la Mjomba

Kamati ya safari yetu ya Loiyangalani, mji mdogo wa kando ya Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya, ilikaa vikao vingi kuliko kamati ya harusi yangu, na harusi yangu ilikuwa na kamati mbili. Mwenyekiti alikuwa Mjomba, mwalimu wa jiografia ambaye amestaafu lakini ubao hajauacha. Tulitaka kuwahi tamasha la utamaduni la Marsabit na Ziwa Turkana, ambapo jamii 14 za kaunti ile, Wagabra, Warendille, Waelmolo na wenzao, hukutana kwa ngoma na nyimbo.

Mjomba alijua kila kitu. Alijua kwamba mwaka 1888 Teleki, mvumbuzi wa kutoka Hungaria, alilipa ziwa lile jina la Rudolf kana kwamba wenyeji walikuwa wakiliita "lile pale". Alijua kwamba jangwa la Chalbi liliwahi kuwa ziwa, na mvua ikinyesha hukumbuka ujana wake na kumeza magari. Kwa hiyo tukapitisha njia ya Laisamis.

Shangazi, mweka hazina, hofu yake ilikuwa joto tu. Akaleta hoja ya kununua feni ya betri. Ilipita bila kupingwa. Vyumba vya kulala wageni vilikuwa vimeshajaa, ndipo Mjomba akatoa hema la mtumba, refu, lenye vyumba viwili na baraza. Baraza, jamani, jangwani.

Karibu na Sarima tukakuta mitambo ya umeme wa upepo. Iko 365, imesimama kwenye mawe meusi mpaka macho yanachoka. Mjomba akasimamisha gari, somo likaanza.

"Megawati 310!" akasema. "Upepo unabanwa kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, unatoka hapa kwa hasira. Kwa nini mitambo wakaijenga hapa na si Kitui?"

"Kwa sababu ya upepo, Mjomba," tukajibu kama darasa la tano.

"Vizuri sana." Tukapiga picha, tukaenda kusimamisha hema.

Tulifika mchana, na mchana upepo wa kule hupumzika. Nyumba za wenyeji zilikuwa fupi, za mviringo, zimefunikwa matawi ya mikoma. Mama mmoja wa Kiturkana aliyekuwa akisuka kikapu alitutazama tukigonga vigingi.

"Mzee, mtalala humo?"

"Ndiyo, mama."

"Usiku?"

"Usiku, mama."

Akaita majirani. Wakaja na vigoda vyao, wakakaa.

Giza lilipoingia, hema lilivuta pumzi. Shangazi akauliza kwa ukali, "Nani anasukuma?" Hakuna aliyekuwa anasukuma. Kigingi cha kwanza kikang'oka kikapita karibu na sikio langu, kisha vilivyobaki vikatoka vyote kwa pamoja. Mjomba alikumbatia nguzo akitoa amri: "Shikeni upande wa kaskazini!" Upande wa kaskazini ulikuwa tayari umeelekea ziwani, na suruali yake aliyoitundika barazani ikaandamana nao. Vijana walilifukuza hema kwa tochi huku wakishangilia. Sakafu tu ndiyo iliyobaki, ikachanika pale Shangazi alipokuwa amelala, maana Shangazi si mtu wa kuhamishwa na upepo.

Yule mama alitukaribisha kwake. Tuliingia kwa magoti, na humo ndani upepo ukabaki kuwa kelele za nje. Tulikuwa wengi, tumebanana, jasho likaanza kututoka. Basi Shangazi akafungua mkoba, akatoa feni ya betri, akaiwasha.

Mama akaitazama feni. Akatega sikio kule nje, ambako paa la mtu lilikuwa linalia. Akaitazama tena.

Asubuhi Mjomba, akiwa amejifunga leso ya Shangazi, akaanza kumweleza jinsi upepo unavyobanwa kati ya Kulal na Nyiru. Mama alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Kumbe ulijua," akasema.

Hema lilipatikana limenasa kwenye mgunga. Kijana aliyelipata alikuwa ameshalikata vipande viwili vya kufunikia wana-mbuzi, na hakuwa na nia ya kurudisha. Mjomba akadai haki, wazee wakaitwa. Baada ya majadiliano marefu mweka hazina akakubali kulibadilisha kwa shanga za shingo, kikapu kimoja, na suruali.

Shanga alivaa yeye.